Aliyepunguzwa tumbo huponea nyumbani: niliyoyapitia, na namna ya kumsaidia anayejiandaa

Mleta uzi

Ndugu wanajamvi, amani iwe kwenu.

Kwa miezi kadhaa nimekuwa nikipokea ujumbe wa faragha kutoka kwa watu wanaotaka kujua maisha yalivyo baada ya upasuaji wa kupunguza tumbo, na wengi wao si wagonjwa wenyewe bali ni waume, dada na watoto wa watu ambao tayari wamepangiwa tarehe. Maswali yao yanafanana, kwa hiyo nimeona niyajibu hapa kwa pamoja. Ninalotaka kusema hasa ni kwamba daktari hushughulika na tumbo lako saa moja au mbili, kisha wewe na watu wa nyumbani kwako mnabaki nalo miaka yote iliyosalia, na kwa sababu hiyo watu wa nyumbani nao wanapaswa kuandaliwa kabla ya tarehe kufika. Mimi niliandaliwa kiasi, watu wa karibu yangu hawakuandaliwa, na shida kubwa niliyoipata ilitokana na hilo.

Mimi ni mwalimu wa sekondari, mkazi wa Tanga, nina umri wa miaka 43. Kabla ya upasuaji nilikuwa na kilo 128 kwa urefu wa mita 1.61, kiasi ambacho kwa kipimo cha BMI, yaani uzito ukilinganishwa na urefu, ni zaidi ya 49. Nilikuwa na kisukari cha aina ya pili, shinikizo la damu, na magoti ambayo yalinilazimu nifundishe nikiwa nimekaa. Miaka miwili na nusu iliyopita nilifanyiwa upasuaji Dar es Salaam, kwa matundu madogo, wa ile aina inayoondoa karibu robo tatu ya tumbo au zaidi na kubakiza kipande chembamba chenye umbo la ndizi. Sehemu inayoondolewa hairudishwi, na ndiyo inayotoa kwa wingi homoni ya njaa iitwayo ghrelini, ndiyo maana katika miezi ya mwanzo mtu anaweza kupitisha mchana mzima bila kukumbuka chakula.

Wapo wanaochanganya upasuaji huu na puto. Puto, ambalo Hospitali ya Mloganzila imekuwa ikiwawekea watu, hupitishwa mdomoni, huwekwa tumboni kwa miezi kadhaa na kisha hutolewa, wala hakuna kinachokatwa. Ipo pia baipasi, ambapo hutengenezwa kifuko kidogo sana cha tumbo na kuunganishwa moja kwa moja na utumbo mwembamba, ili chakula kisipite njia yake ya zamani. Mtu akikueleza kwamba amepunguza tumbo, mwulize kwanza ni njia ipi, kwa kuwa masharti na hatari zake hazilingani.

Nianze na maji, kwa sababu ndiyo yaliyotaka kuniangusha. Muuguzi aliniletea kikombe cha dawa, kile cha mililita 30, akaniambia maji yaliyomo niyanywe polepole kwa robo saa. Nilidhani amesahau kuleta glasi. Nilipomeza funda lililozidi kidogo nilisikia maumivu katikati ya kifua, kama aliyemeza kipande cha barafu kikakwama njiani. Nikaelewa kwamba kunywa maji, jambo ambalo sikuwahi kulifikiria maishani mwangu, sasa ni kazi ya siku nzima.

Niliporudi nyumbani, mdogo wangu aliyekuja kuniuguza alichukua vikombe sita vya kahawa, vile vidogo visivyo na mkono ambavyo wauza kahawa hutembea navyo, akavipanga kwenye sinia kando ya kitanda na kuvijaza nusu nusu. Kila nilichomaliza alikigeuza kifudifudi. Vyote sita vikigeuzwa, alichora mstari kwenye daftari la mwanangu, akavijaza tena. Lengo letu lilikuwa lita moja na nusu kwa siku, yaani vikombe hamsini hivi vya namna hiyo. Siku ya kwanza tulifika ishirini na saba. Hakunihimiza wala hakunisemesha sana; alikuwa akifua nguo, akipita mlangoni anatupia jicho sinia, basi. Nimepewa mawaidha mengi na watu wengi tangu wakati ule, lakini hakuna aliyenisaidia kuliko yule binti na vikombe vyake.

Tatizo lilikuja siku ya tisa. Karatasi niliyopewa wakati wa kuruhusiwa ilikuwa na mstari mmoja tu kuhusu lishe: "ale chakula laini". Kwetu chakula laini ni mtori, ni uji mzito, ni ndizi zilizopondwa. Wageni walifika kunijulia hali, na mmoja wao, mama ninayemheshimu sana, akasikitika kuniona nanyweshwa maji kwa vikombe vya kahawa. Alikuwa amebeba mtori wenye nyama, akaniomba nile japo vijiko vinne nipate nguvu. Nilikula kwa sababu sikuweza kumkatalia, na kwa sababu karatasi yenyewe haikunikataza. Nilitapika usiku kucha. Siku mbili zilizofuata hata maji hayakukaa, mkojo ukawa wa rangi ya chai ya rangi, na nikisimama macho yanaingia giza. Tulipofika hospitali ya karibu, mdogo wangu alimpigia simu daktari aliyenipasua, naye akasisitiza kwamba nipewe vitamini B1 kabla ya dripu ya sukari, kwa kuwa mtu aliyetapika mfululizo huishiwa na vitamini hiyo, na akitiwa sukari bila hiyo ubongo unaweza kudhurika. Daktari wa zamu alilipokea vizuri. Nawaomba wote mnaomuuguza mtu aliyefanyiwa upasuaji huu mlikariri neno hili, thiamini, yaani hiyo vitamini B1, maana si kila mhudumu wa zamu atakuwa amewahi kumpokea mgonjwa wa aina yetu.

Simlaumu yule mama. Kwake yeye, na kwetu sote, kumlisha mgonjwa ni upendo wenyewe. Lakini angeelezwa mapema kwamba tumbo langu lilikuwa na kidonda kirefu kilichoshonwa kwa pini kutoka juu mpaka chini, asingelifanya lile.

Utaratibu niliokuja kuufuata baadaye, nilipompata mtaalamu wa lishe, ulikuwa huu. Wiki mbili za mwanzo ni vimiminika tu: maji, supu ya kuku au samaki iliyochujwa, maziwa yasiyo na mafuta mengi. Wiki ya tatu na ya nne ni vilivyosagwa hadi vikawa kama uji mwepesi, na hapo ndipo choroko, dengu na samaki wa kuchemsha vinaposaidia. Baada ya hapo vinakuja vilaini, kama yai na maharage yaliyoiva sana, na kuanzia wiki ya saba au ya nane unarudi taratibu kwenye chakula cha kawaida. Hospitali hutofautiana kidogo, kwa hiyo mgonjwa afuate alichopewa na daktari wake. Pateni maelekezo hayo kwa maandishi, chakula kwa jina lake, mkiwa bado wodini.

Jambo gumu zaidi kwa jiko letu ni kwamba sisi tumezoea ugali au wali ndio chakula, na mboga ni ya kusindikizia. Kwa tumbo dogo mambo hugeuka: kitoweo kwanza, mboga za majani baadaye, na ugali ukipata nafasi basi ni tonge moja au mawili. Mwili unahitaji gramu 60 hadi 80 za protini kila siku, na yai moja lina gramu 6 tu, kwa hiyo anayeanza na wali atashiba kabla hajapata kitu. Maji hayanywewi pamoja na chakula. Husubiriwa nusu saa. Juisi ya miwa, soda na madafu niliviacha kabisa mwaka wa kwanza.

Unapokula kwenye sinia moja na wenzako hakuna anayejua umekula kiasi gani, nami hilo liliniokoa kwenye shughuli nyingi, maana nilikuwa nagusa samaki upande wangu na kuendelea na mazungumzo. Ulipo msiba au harusi ya kupakuliwa sahani, mume wangu alikuwa akipokea sahani yangu na kuiweka pamoja na yake bila kusema neno.

Nitarudi kujibu maswali.

Mchangiaji kutoka Morogoro

Shukrani, mwalimu. Mke wangu amepangiwa Jumanne ya wiki ijayo, na yeye hudunga insulini. Kwa sasa yuko kwenye wiki mbili za mlo wa kupunguza mafuta ya ini, na amekuwa mkali kwa kila mtu. Mimi ninaogopa asife, naye sijamwambia. Naomba uniambie ukweli.

Mleta uzi

Ndugu yangu, hofu yako ni ya haki. Katika hospitali zenye uzoefu, vifo vinavyotokana na upasuaji huu ni kama mtu mmoja katika elfu moja, kiwango kinachokaribiana na cha upasuaji wa kuondoa kifuko cha nyongo. Si sifuri, nawe usikubali mtu akuambie ni sifuri. Mke wako naye anaogopa, na nadhani kumwambia kwamba mnaogopa wote wawili kutampunguzia upweke kuliko kumwonyesha uso mkavu. Mlo huo wa wiki mbili una sababu: ini lenye mafuta huvimba na kumfunika daktari njia ya kulifikia tumbo. Ukali wake ni wa njaa, usiuchukulie vibaya.

Kuhusu insulini, muulizeni daktari kabla ya siku yenyewe kipimo kitapunguzwa lini na kwa kiasi gani. Sukari hushuka mapema, wakati mwingine kabla uzito haujapungua kwa kiasi cha kuonekana, na anayeendelea na kipimo cha zamani huku akinywa maji na supu tu anaweza kuzimia. Dawa zangu za sukari zilipunguzwa kabla sijatoka wodini, na za shinikizo ndani ya miezi mitatu. Nunueni kipimo cha sukari, nawe ujifunze kukitumia.

Mchangiaji, muuguzi wa wodi ya upasuaji

Naomba kuongezea yale ambayo ndugu wa mgonjwa hawapaswi kuyasubirisha hadi asubuhi. Mapigo ya moyo yanayozidi 120 kwa dakika mgonjwa akiwa ametulia, homa, maumivu ya tumbo yanayozidi badala ya kupungua, au maumivu ya bega yaliyoambatana na dalili hizo, huweza kumaanisha kwamba mshono unavuja. Kuvimba mguu mmoja, kubanwa kifua au kupumua kwa shida huweza kuwa damu iliyoganda. Ndiyo maana tunawatembeza wagonjwa siku ileile ya upasuaji hata wakituchukia, na wengine tunawaandikia sindano za kuzuia damu kuganda za kuendelea nazo nyumbani. Msiache sindano hizo kwa kuona mgonjwa amechangamka.

Pili, dawa za maumivu. Diklofenaki, ibuprofeni na aspirini, ambazo tunazinunua dukani kama pipi, huchoma tumbo lililopasuliwa na kuleta vidonda, hasa kwa aliyefanyiwa baipasi. Parasetamoli ndiyo salama kwake, isipokuwa daktari aseme vinginevyo. Kila anapokwenda duka la dawa, iwe ni kwa jino au kwa mgongo, aanze kwa kusema amefanyiwa upasuaji gani.

Tatu ni uzazi. Mwanamke aliyekaa miaka bila kushika mimba anaweza kushika haraka uzito unapopungua, ilhali inashauriwa asubiri mwaka mmoja hadi mwaka mmoja na nusu. Vidonge vya kupanga uzazi haviaminiki baada ya baipasi, kwa hiyo wazungumze na mtaalamu kuhusu njia nyingine. Mazungumzo hayo ni ya wote wawili, mume asiachwe nje.

Mchangiaji kutoka Muskati

Huku Ghuba upasuaji huu ni jambo la kawaida, na katika ukoo wetu tupo watatu. Swali langu kwa dada ni la Ramadhani. Shangazi yangu ana miezi minne tangu afanyiwe, na anaona aibu kula mchana wakati watoto wamefunga.

Mleta uzi

Mimi nilikatazwa kufunga mwaka wa kwanza, kwa sababu aliyepunguzwa tumbo hawezi kunywa lita moja na nusu kwa mkupuo kati ya magharibi na daku. Maji yake yanahitaji mchana kutwa. Nilizungumza na daktari, kisha nikazungumza na shekhe wetu, naye akanikumbusha kwamba ruhusa ya mgonjwa imetajwa ndani ya Qurani yenyewe. Ramadhani ya pili nilifunga kwa idhini ya daktari, na siku nilizokuwa nadaiwa nilizilipa kidogo kidogo, Jumatatu na Alhamisi. Mwambie shangazi futari yake ikiwa bado anafuturu na wenzake ianze na maji, kisha supu, na tende isizidi moja. Kwa waliofanyiwa baipasi sukari nyingi kwa ghafla huleta jasho, moyo kwenda mbio na kuhara. Watoto wakielezwa kwamba shangazi yuko kwenye matibabu wataelewa upesi kuliko watu wazima.

Mchangiaji

Sina nia mbaya, lakini nauliza: kwa nini mtu akatwe tumbo badala ya kupunguza kula? Naona kama ni njia ya mkato.

Mleta uzi

Nakujibu kwa heshima, kwa sababu na mimi nilijiuliza hivyo kwa miaka. Nilipunguza kula mara tano. Mara moja nilishuka kilo 19, na zote zikarudi pamoja na nyingine sita. Mwili wa mtu mnene sana hupigania uzito wake: ukila kidogo, homoni za njaa hupanda na mwili hupunguza matumizi ya nguvu. Upasuaji hubadilisha homoni hizo, ndiyo sababu unafaulu pale nia peke yake iliposhindwa. Wala hafanyiwi kila anayetaka. Miongozo ya Marekani ya mwaka 1991 ilitaka BMI ya 40, au 35 kwa mwenye maradhi yanayotokana na unene. Ya kimataifa ya mwaka 2022 imeshusha hadi 35 hata bila maradhi, na inaupendekeza kwa mwenye kisukari cha aina ya pili kuanzia 30. Ni tiba, kama tiba nyingine.

Neno hilo la njia ya mkato, ndugu yangu, lina madhara kuliko unavyodhani. Linawafanya watu wafanyiwe kwa siri, na mtu anayeuguza siri hana wa kumwambia kwamba anatapika. Ongeza na maneno ya mtaani. Nilipofika kilo 95 shingo ikasinyaa na nywele zikaanza kutoka kwa mafungu kwenye kitana, jambo ambalo hutokea sana kati ya mwezi wa tatu na wa sita na kisha nywele hurudi. Kazini ikasemwa kwamba nina ugonjwa ninaouficha. Mwanafunzi wangu wa kidato cha pili alilia mbele yangu akiniuliza kama nitakufa. Siku ile ndipo nilipoamua kusema wazi.

Mchangiaji kutoka Mombasa

Mwalimu, mimi nina mwaka mmoja na miezi tisa, na uzito umeanza kurudi. Nimeongeza kilo nne. Nimeacha kwenda kliniki kwa aibu.

Mleta uzi

Dadangu, nami nilifika kilo 82 na sasa nina 87. Kurudi kidogo baada ya mwaka wa pili kunawapata wengi wetu, kwa sababu tumbo hulegea kiasi na njaa hurudi, wala si ushahidi kwamba umeharibu kazi ya daktari. Rudi kliniki, tena rudi upesi, kwa kuwa wanaoacha kliniki ndio pia huacha vitamini, na upungufu wa B12 na wa madini ya chuma huja kimyakimya, mtu anajiona mchovu na ganzi miguuni akadhani ni umri. Mimi hupimwa damu kila mwaka, na vitamini zangu nitazimeza maisha yote.

Jiangalie pia unakula nini unapohuzunika. Zamani nilipogombana na mtu nilikuwa nakula. Upasuaji uliondoa tumbo, ugomvi ulibaki palepale. Nilikaa miezi miwili nikiomboleza chakula kama anavyoombolezwa ndugu, na aliyenisaidia ni mwenzangu mmoja niliyekutana naye kliniki, ambaye hakuniambia nishukuru wala nijikaze, bali aliniuliza nimekumbuka chakula gani. Nikamwambia, mkate wa kumimina wa mama yangu. Tukauzungumzia mkate huo nusu saa nzima. Kama huna mtu wa namna hiyo huko Mombasa, niandikie.

Mchangiaji kutoka Morogoro

Mwalimu, narudi kutoa taarifa. Amefanyiwa Jumanne, leo ni siku ya sita na tuko nyumbani. Karatasi tuliyopewa ina majina ya vyakula, nililidai. Mama yangu mzazi nimemweleza kabla hajaingia ndani, naye amekuja na supu ya kuku ameichuja mwenyewe mara mbili kwa kitambaa. Vikombe vya kahawa tumeazima kwa jirani. Jana amefika thelathini na nane na akasema amechoka, nikaogopa kumlazimisha.

Mleta uzi

Thelathini na nane kwa siku ya sita ni vizuri kuliko nilivyofika mimi. Usimlazimishe usiku, anza mapema asubuhi, kabla jua halijawa kali, na leo ongezeni viwili tu. Angalia rangi ya mkojo, ukiwa wa njano hafifu mko sawa. Jioni mtembeze mpaka getini na kurudi, na wewe ubebe kikombe. Mfikishie mama salamu zangu na umshukuru kwa kile kitambaa.